Fomu ya Tawi la Mama Kadzo

Wanangu wa maabara, siku ile mliyonikatia keki mliniambia niandike. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya kumridhisha mtu mzima anayeondoka. Sasa wiki mbili zimepita, niko kwangu Malindi, kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida na sina pa kwenda, basi nimechukua daftari. Vyeo na mishahara sitavigusa. Waliopata wanajua, na waliokosa wanajua zaidi. Nitawaeleza kazi yenyewe ilivyokuwa, na hasa nitawaeleza kosa moja lililotoka mkononi mwangu. Najua wengi wenu mmelisikia nusu nusu, na kila aliyelisimulia alitia chumvi yake.

Siku ya kwanza nilifika Kilifi nimejifukiza udi. Ilikuwa amri ya mama yangu: mtoto wa watu haingii mahali pageni ananuka jasho la basi. Buibui langu lilifukizwa usiku kucha, na nywele nikatia asumini chini ya mtandio. Nilipofungua mlango wa maabara, mzee mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mahali pa msumari, alipiga chafya mara tatu kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kuolewa?"

Huyo ndiye Mzee Thoya, fundi mkuu wa maabara, mzaliwa wa Junju. Alinitoa nje nikasimame karibu na tangi la maji, upepo unipige mpaka udi utoke. Nilisimama pale karibu saa nzima. Wafanyakazi wakipita wananiangalia, mimi najifanya nahesabu mabomba. Ndivyo nilivyoanza sayansi.

Jioni ile alinieleza kazi kwa maneno machache. Watu wanatuletea mimea: majani, mizizi, magome. Tunaikausha kivulini, tunaisaga, tunailoweka kwenye spiriti, kisha tunaivukiza mpaka ibaki kitu kizito kama shira ya kaimati. Hiyo shira tunaipima kwa uzani mdogo mdogo na kuwapa seli za saratani, ambazo tunazifuga kwenye chupa ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Tukishazipa, tunangoja siku tatu, kisha tunatia rangi ya manjano. Seli zilizo hai huibadilisha ikawa zambarau. Zilizokufa haziwezi, rangi inabaki manjano. Kwa hiyo kila asubuhi nilipofungua kabati dua yangu ilikuwa moja tu, nikute manjano.

"Lakini usije ukashangilia kila manjano," Mzee Thoya aliniambia. "Kuua seli si ajabu. Hata sabuni itaziua. Hata mkojo wa punda. Ajabu ni kuziua hizi za saratani na kuziacha hizi nzima." Akanionyesha chupa ya pili, ya seli za kawaida. Tangu siku hiyo sikuwahi kupima mmea kwenye seli za saratani bila kuupima kwenye za kawaida pia, na nyinyi msiache kufanya hivyo hata mkiwa na haraka gani.

Mwezi wa kwanza niliua seli nyingi kuliko dawa yoyote. Kila chupa niliyoigusa, baada ya siku mbili maji yake mekundu, yale ya kulisha seli, yanageuka kuwa na ukungu, na ukitazama kwenye hadubini unaona vitone vimeshikana vimejaa tele. Mzee Thoya alibadilisha chakula cha seli, akasafisha kabati, akanunua glavu mpya. Wapi! Za kwake zikawa salama, za kwangu zinaoza. Nililia chooni, wallahi, nikijiambia nitarudi Malindi nikauze vitambaa na shangazi.

Siku moja akanishika mkono, akaunusa. "Asubuhi unafanya nini kabla ya kuja?"

"Nakanda mahamri. Mama anauza."

"Na hamira?"

"Ndiyo, Mzee. Hamira na nazi."

Lo! Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Hamira, ambayo nayo ni jamaa ya ukungu, ndiyo iliyokuwa ikiota kwenye chupa zangu. Nilikuwa naileta Kilifi chini ya kucha na kwenye mikono ya nguo, kila siku ya Mungu. "Mimi walinikataza kunywa mnazi asubuhi kwa sababu hiyo hiyo," alisema, "na nikatii, kwa uchungu. Wewe utaacha mahamri." Mama alinuna wiki mbili. Mdogo wangu akachukua kazi ya kukanda, na seli zangu zikaanza kuishi. Tangu hapo niliuchukia ukungu wa kila namna kama adui wa nyumbani. Likumbukeni hilo, maana mbele litanirudia.

Jambo ambalo Mzee Thoya alilishikilia kuliko pipeti na hadubini lilikuwa lebo. Alikuwa na kalamu yake ya wino usiofutika kwa spiriti, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alipostaafu aliniachia mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mimi nimesoma madrasa kwa mwalimu aliyekuwa akitupiga kwa herufi iliyopinda, na mpaka leo siwezi kuona herufi iliyopinda nikatulia. Wala siwezi kuona fomu yenye nafasi tupu. Inaniwasha.

Siku ya kunikabidhi kalamu aliniangalia sana. "Mwandiko wako mzuri, mwanangu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu akiona mwandiko mzuri haulizi." Nilidhani ananisifu.

Miaka ikapita, mimea mamia, na karibu yote zambarau. Msidhani ilikuwa huzuni. Mtu akizoea anaiona kazi hii kama ya mvuvi wa pweza: unaingiza kijiti kwenye mashimo mengi, na hulilaumu shimo. Tulipata manjano chache zilizoua kila kitu, seli za saratani na za kawaida pamoja, tukazifungia. Umeme ulikatika, jenereta ikagoma, tukabeba masanduku ya barafu kutoka kiwanda cha samaki. Nyani aliingia kwenye banda la kukaushia akala sampuli mbili. Tulimfuatilia siku nzima, na hakuwa na dalili zozote ila kiburi.

Mkuu wetu wakati huo alishakuwa Daktari Wairimu. Alitoka bara akiwa kijana, na mwanzoni Kiswahili chake kilitupa raha sana. Alikuwa akisema "kuja hapa" kwa mtu mzima, na mtu mzima anakuja kwa sababu ya mshtuko. Lakini alikuwa mtu wa haki na mwenye moyo wa kazi. Alimzika mama yake mzazi, aliyekufa kwa saratani ya titi, na jambo hilo hakulisema mara nyingi.

Ndipo akaja Mama Kadzo.

Mama Kadzo alikuwa na kibanda cha dawa za miti pale Matsangoni, kando ya barabara, karibu na wanaposimama bodaboda. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na simu mbili kiunoni. Dawa alirithi kwa baba yake. Alisikia kwamba tunapima mimea, akaja mwenyewe na kiroba, hakungoja kuitwa.

"Hili gome nalitwanga nawawekea watu wenye vidonda visivyopona," alisema. "Kuna vingine vinanuka, vimekula nyama, hospitali wamechoka navyo. Vingine vinakauka. Mimi saratani siijui, Bi Swafiya. Najua kidonda. Nyinyi mtaniambia ni nini."

Nilimpenda papo hapo kwa maneno hayo, kwa sababu wengi waliotujia walikuwa wakitibu kila kitu, kuanzia saratani hadi mume asiyerudi nyumbani. Nikatoa fomu. Jina la mmea kwa Kigiriama, mahali ulipotoka, sehemu ya mmea, tarehe. Akajibu yote. Tukafika nafasi ya mwisho, "namna ulivyopatikana," na hapo simu yake moja ikalia, mjukuu ana homa, pikipiki inamngoja. Akaondoka mbio huku akiniaga kwa sauti ya barabarani.

Nikabaki na fomu na ile nafasi tupu.

Ningempigia. Namba nilikuwa nayo. Lakini niliona haya kumsumbua mtu mzima mwenye mtoto mgonjwa kwa jambo dogo kama hilo, tena nikajiambia, gome hupatikanaje? Hukatwa. Watu wote hukata. Nikachukua kalamu ya Mzee Thoya, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Limekatwa kwenye mti ulio hai." Fomu ikapendeza. Nikakipa kiroba namba arobaini na moja ya mwaka ule.

Sampuli ya arobaini na moja ilitoka manjano. Seli za saratani ya titi zilikufa karibu zote, na zile za kawaida pembeni zikawa zambarau, nzuri, kama zambarau zenyewe za mtini. Tulirudia, manjano. Tukarudia tena, Daktari Wairimu akisimama nyuma yangu anapumulia shingoni mwangu, ikawa manjano. Mwanamke yule mkali alivua koti jeupe akacheza baina ya meza na jokofu. Mimi nilikaa chini. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona vile.

Kisha kiroba kikaisha.

Tulimwomba Mama Kadzo zaidi, akaleta konzi moja. Tukaomba magunia, akasema, "Halipatikani hivyo. Nangoja mpaka lipatikane." Nilidhani anatuvuta ili tumbembeleze, nikamwambia Daktari hivyo. Mtaalamu wa mimea akautambua mti wenyewe, na ukawa si mti adimu. Upo Junju kwenye mashamba, upo nyuma ya Watamu. Jina lake sitaliandika, kwa sababu tumekubaliana na wenyewe. Tukapata kibali, tukamlipa mwenye shamba, vijana wakakata magunia matatu ya gome bichi, zuri, lenye utomvu. Nikalikausha na kulisaga kwa mkono wangu.

Likatoka zambarau. Zambarau tupu, kila kishimo cha sahani ya kupimia.

Tukalaumu kinu, tukalaumu spiriti, tukalaumu seli. Tukakata mti mwingine, msimu mwingine. Zambarau. Mwaka mzima ukapita hivyo. Mwisho wakaja wafadhili, na mmoja wao akafungua jalada, akasoma fomu ya kwanza kwa makini, akaona kila kitu kimeandikwa sawasawa. Mti ni ule ule. Sehemu ile ile. Namna ile ile. Basi kwa hesabu yake lilibaki jambo moja tu: kile kiroba cha kwanza kilichanganywa na kitu. Dawa ya wadudu, labda, au ya panya. Mtu alitaka kuonekana dawa yake ina nguvu. Akatoa miezi minne, kisha kazi ya arobaini na moja ifungwe.

Daktari Wairimu hakuamini, lakini aliniambia nikamuulize Mama Kadzo, kwa adabu, faraghani.

Wanangu, sikumuuliza faraghani. Nilifika Matsangoni saa tano mchana, jua limenichoma, moyo umenipanda kwa mwaka ule wote, na nikamkuta ana wateja watano mbele ya kibanda. Nilisema pale pale, "Mama Kadzo, hebu niambie kweli. Kile kiroba cha kwanza hukukitia kitu? Dawa ya wadudu? Hata kidogo?"

Mama mmoja aliyekuwa ameshakabidhiwa pakiti yake akairudisha mezani polepole.

"Toka," Mama Kadzo akaniambia, tena kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Toka kwa kibanda changu, Bi Swafiya."

Habari ilifika Gongoni kabla sijafika Kilifi. Mwezi ule watu walisema dawa za Mama Kadzo zina sumu, watu wa maabara wenyewe wamekuja kumshika. Wateja wakamkimbia. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kikimlisha yeye na wajukuu watatu, na jina lile alilirithi kwa baba yake, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita mwongo. Mimi ndiye niliyelichafua, kwa swali moja, mchana kweupe. Nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa nikisimama kuswali nasahau rakaa.

Baada ya wiki sita nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya meza yake, pakiti zimepangwa, na vumbi juu yake. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikakaa juu ya ndoo, kwa kuwa hakunipa kiti.

"Nimekosa, Mama Kadzo. Nimekuvunjia heshima yako mbele ya watu."

"Umekosa."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nipate nini? Watarudi?" Alinyosha mkono kuelekea barabarani. Vijana wa bodaboda walikuwa wakitutazama bila kuficha. "Baba yangu alitibu watu hapa tangu hii barabara ni ya mchanga. Sasa mimi ni mtu wa dawa ya panya. Mulungu wangu!"

Nilikaa. Baadaye akainuka, akajifunga leso upya.

"Unajua, nyinyi watu wa mji mna macho lakini hamuendi kuangalia. Nitakuombea ruhusa kwa wazee. Uje uone nalitoa wapi, kwa macho yako mwenyewe. Kisha urudi ukawaambie hao wazungu wako kama kuna mahali nimeficha sumu."

Baada ya siku mbili ruhusa ikapatikana. Msitu wenyewe ni wa kaya, mahali patakatifu pa mababu zao, hauko mbali na Matsangoni, lakini ukiingia unadhani umekwenda mbali sana. Nilivua viatu penye njia, nikajifunga kaniki nyeusi aliyoniletea, na mimi mtoto wa Malindi nikatembea pekupeku juu ya majani makavu nikiomba kimoyomoyo nisikanyage nyoka. Yeye mbele. Tukafika kwenye mti, ule mti niliousaga mwaka mzima. Ulikuwa mkubwa kuliko wote wa Junju. Nikanyosha mkono nishike kitawi kilichoning'inia, nikivunje, nimuulize kama ndio wenyewe.

Akanipiga kofi la mkono, paa!

"Wee! Una wazimu? Hapa hakukatwi!"

"Samahani, mimi nilitaka tu..."

"Hakukatwi hapa. Si tawi, si jani, si gome. Ukikata hapa utatozwa mbuzi, na ukibahatika ni mbuzi tu."

Nikasimama nimeshika mkono wangu. "Sasa lile gome uliloniletea ulilikata wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mjinga. "Nani alikwambia nililikata?"

Hapo ndipo nilipoiona ile fomu. Niliiona mbele ya macho yangu, mstari kwa mstari, na ule mstari wa mwisho uliopendeza.

"Tunaokota," akasema. Akainama nyuma ya mti, akageuza tawi lililolala chini, jeusi, limelainika kwa unyevu. "Likianguka lenyewe, ni letu. Nalo si siku hiyo hiyo. Naliacha. Narudi kuliangalia. Mpaka litoke hili." Upande wa chini wa gome, ndani ya nyufa, kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa kama pamba iliyochambuliwa. "Hili jeupe n'do kuiva kwake. Bila hili jeupe halifanyi kitu. Baba alinionyesha nikiwa mdogo hivi."

Ukungu. Adui yangu tangu siku za mahamri. Tuliukata mti ulio hai, safi, usio na doa, tukaukausha haraka kabla haujaota kitu, na tukashangaa.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani, na kaniki ya watu. Mama Kadzo akadhani nimeumwa na siafu. Nikamwambia yote: nafasi tupu, simu ya mjukuu wake, kalamu, maneno niliyoyaandika nikijua sikuambiwa. Nilimwambia kwamba yule mfadhili hakumtia yeye makosani bila sababu. Alisoma mwandiko wangu akauamini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwongo ni wewe."

"Ni mimi."

"Haya." Akanipa mkono niinuke. "Afadhali nimjue."

Kumwambia Daktari Wairimu kulikuwa kuzito zaidi, kwa kuwa yeye hakunipiga kofi. Niliweka fomu mezani, nikaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, nikasema. Aliusoma mstari ule.

"Bi Swafiya. Mwaka mzima."

"Mwaka mzima, Daktari."

"Ungeacha wazi tu."

"Ningeacha wazi."

Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi, iko mkobani. Nilipoitoa aliisukuma ikarudi kwangu bila kuifungua. "Hiyo utaleta tukimaliza. Nani mwingine hapa anajua ukungu kama wewe? Umepigana nao miaka ishirini." Kisha akauliza tawi liko wapi.

Tulifanya kazi ile kwenye chumba cha nyuma, mbali kabisa na seli, na mtu akiingia huko harudi chumba cha seli siku hiyo. Mimi niliyekuwa nikiua ukungu kwa spiriti asubuhi na jioni, sasa nikawa naubembeleza: nimeukatia kipande kidogo cha gome, nimeuwekea juu ya jeli ya viazi, nimeufunika, nimeusemesha. Ukakataa. Ukaota mwingine, wa kijani, wa kwenye mkate. Nikaanza upya. Mama Kadzo akaja kutazama, akasema kipande kiko kikavu mno, pale msituni majani hufunika. Nikaongeza unyevu. Siku ya kumi na mbili nikaona nyuzi nyeupe, nyembamba, zinatambaa.

Tuliutoa ule wa kweli peke yake, tukauotesha peke yake, bila gome. Tukautengenezea shira. Safari hii Daktari hakutaka jicho la mtu liharibu mambo, basi sahani zilipangwa na mtu mwingine, kwa namba asizozijua yeyote kati yetu. Siku ya tatu nikatia rangi. Zambarau, zambarau, zambarau, na katikati mstari mmoja wa manjano. Daktari akafungua karatasi ya siri. Ulikuwa ni ule ukungu. Seli za kawaida zilikuwa hai. Alilia waziwazi, na mimi nikalia, na kijana wa usafi akatoka nje kwa heshima.

Tulirudia mara tatu, na maabara nyingine ikarudia. Wafadhili wakaongeza muda. Hayo yote yamo kwenye majalada, someni. Lakini kazi niliyoiona kubwa zaidi ni ile ya kurudi Matsangoni.

Tulikwenda mimi na Daktari, saa tano mchana, saa ile ile. Mama Kadzo alishapata habari, na aliwaita watu wote aliowajua. Nilisimama mbele ya kibanda, mbele ya wateja na bodaboda na wauza embe, nikasema kwamba dawa ya Mama Kadzo haikuwa na sumu, haikuwahi kuwa nayo, kwamba kosa lilikuwa langu, niliandika nisilolijua, na yeye alisema kweli tangu siku ya kwanza.

"Sema tena," akaniambia. "Yule wa pikipiki hakusikia, injini ilikuwa inanguruma."

Nikasema tena. Yule wa pikipiki akazima injini, akasema amesikia hata mara ya kwanza lakini anapenda kusikia vizuri. Watu wakacheka. Daktari Wairimu akachukua pakiti moja mezani akailipa, ingawa hakuwa na kidonda. Yule mama aliyerudisha pakiti yake siku ile, naye alikuwepo, akanyosha mkono akaichukua tena.

Sasa nawaambia kweli, kwa kuwa mtaulizwa na jamaa zenu. Hiyo si dawa bado. Seli kufa kwenye sahani si mgonjwa kupona. Sasa iko kwa wenzetu wanaoipima kwa panya, na baada ya panya kuna milima mingine, na huenda ikaanguka kwenye wowote. Mtu mwenye uvimbe aende hospitali mapema, na Mama Kadzo mwenyewe huwaambia hivyo kibandani kwake; kidonda kinachomtia shaka anakiandikia barua na kukituma kwa daktari. Lakini nina matumaini, na sijawahi kuwa nayo makubwa hivi. Kwenye hati ya ugunduzi kuna jina la maabara, kuna jina la kaya, na kuna jina la Mama Kadzo na la baba yake. Nilihakikisha mwenyewe herufi kwa herufi.

Siku yangu ya mwisho, baada ya keki, Mama Kadzo alifika na kiroba kipya. Kitu kingine, tawi la mti mwingine, lina ukungu wa rangi ya kutu. Nikatoa fomu. Tukajaza pamoja mpaka nafasi ya mwisho, na safari hii nikampa yeye kalamu ya Mzee Thoya. Aliinama juu ya meza, ulimi kwenye kona ya mdomo, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda, zikatoka nje ya mstari, zikapanda kwenye nafasi ya tarehe, na wino ukachafua kona yote:

LILIANGUKA LENYEWE. NIMELIOKOTA MIMI.

Mkono uliniwasha, wallahi, niichukue fomu nyingine niinakili vizuri. Nikaitia kwenye jalada vile vile ilivyo.